Pumuzika kwa Kiswahili Chako

Siku hizi, katika familia za Lubumbashi zenye uwezo kidogo, siku ya kuzaliwa imehama. Zamani ilikaa nyumbani: keki, makreti ya soda, viti vya kukodi uani, na muziki mpaka majirani wakasirike. Sasa anayetimiza miaka 30 au 40 anataka kuamkia kando ya bahari. Anataka siku tatu za maji ya buluu, kitanda chini ya mnazi, dafu lenye mrija, na simu ambayo eti itazimwa. Picha zinafika kabla yake, na sisi tuliobaki tunatoa hukumu. Wa kwanza anasema hayo ni majivuno. Wa pili anasema ni mambo ya Kizungu, kwa sababu babu zetu wengi hawakujua hata tarehe waliyozaliwa.

Mimi siko upande wa yeyote kati ya hao wawili. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kulala akisikiliza mawimbi, na hana deni la maelezo kwa jirani. Lakini lipo swali moja ambalo sisi wa lugha za Kiafrika tunapaswa kuliuliza, kwa kuwa vitivo vingine havitaliuliza: mtu huyo akishafika ufukweni, anapumzika kwa lugha gani? Maoni yangu ni haya. Mkongomani mwenye Kiswahili anayekwenda kupumzika Zanzibar, kisha akakificha Kiswahili chake kwa kuogopa kuchekwa, hajapumzika. Mwili wake uko kitandani, ulimi wake uko katika chumba cha mtihani.

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo kazi tunayofundishwa. Kupumzika kuko jamaa moja na pumzi na kupumua. Anayepumzika ni yule aliyerudishiwa pumzi yake. Sisi wa Kongo tunasema kupumuzika. Tunaongeza irabu katikati, kama tunavyofanya katika mutoto na mukubwa, kwa hiyo neno letu lina irabu moja zaidi. Tukitaka kusema habari ya ruhusa ya kazini, tunasema konje. Na ya shuleni, vakanse. Yote mawili yametoka katika Kifaransa, na yote mawili hutolewa na mtu mwingine: mkubwa wa kazi anakupa konje, serikali inatangaza vakanse. Pumziko halitolewi na mkubwa. Unaweza kupewa konje ya siku thelathini na usipumzike hata saa moja, kama anavyojua kila mama aliyebaki nyumbani na watoto sita.

Kuna neno la tatu, starehe. Kwetu starehe inanuka pombe. Mtu wa starehe ni mtu wa baa. Lakini katika adabu ya pwani, mgeni akitaka kuinuka ili kumpisha au kumheshimu anayeingia, huambiwa: "Starehe!" Yaani kaa ulivyo, usijisumbue kwa ajili yangu. Tazameni tofauti hiyo. Starehe ya baa inanunuliwa. Starehe ya pwani ni kitu ambacho mwenyeji anampa mgeni kwa mdomo, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Nitalirudia neno hili hapa chini, kwa kuwa ndani yake mna karibu hoja yangu yote.

Na wale wanaosema kwamba kuadhimisha mwaka wa maisha kando ya bahari ni mambo ya Kizungu, ningewaomba waangalie Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Huko kila mwaka, mwezi wa Julai, hufanyika sherehe ya Mwaka Kogwa. Jina lenyewe lina kitenzi koga, ambacho ndicho oga: mwaka unaoogwa. Watu hupigana kwa migomba ili hasira za mwaka uliopita ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kuoga baharini ni sehemu ya desturi hiyo. Huo ni mwaka wa kijiji kizima wala si wa mtu mmoja mwenye keki, nakubali. Lakini wazo la kuuvua mwaka wa zamani ndani ya maji ya chumvi halikuletwa na kampuni za utalii. Zililikuta hapo.

Kwa hiyo tatizo haliko katika safari wala katika siku ya kuzaliwa. Tatizo liko katika njia ambayo Kiswahili kilifika kwetu, na njia hiyo ilikuwa ya kazi.

Katika karne ya 19 misafara iliondoka Zanzibar, ikavuka mpaka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Ilifuata pembe za ndovu na watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar, akatawala sehemu kubwa ya mashariki ya nchi yetu, akarudi kufa Zanzibar mwaka 1905. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na Kiswahili mdomoni. Hata jina la Bagamoyo watu wengi hulieleza kwa kusema ni bwaga moyo. Wengine wanasikia humo mpagazi anayetua mzigo na kupumzika kwa kuwa ameiona bahari. Wengine wanasikia mtumwa anayeuacha moyo wake bara kwa kuwa ameiona bahari. Sijui kama kuna jina jingine la mji wa pwani linalobeba mapumziko na kukata tamaa katika maelezo yale yale. Kwa mababu wa watu wa Maniema, ufukwe ule haukuwa mahali pa kulala.

Kisha ukaja mgodi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, Elisabethville ikaanzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi wakaletwa kutoka kila upande, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kiswahili kikawa lugha ya kambi na ya kazi. Johannes Fabian, ambaye alipata kufundisha hapa hapa Lubumbashi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Language and Colonial Power, jinsi Kiswahili kilivyofanywa chombo cha kuamuru na kusimamia katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini amri zilibaki kazini. Jioni, katika nyumba za kambi, wazazi wa bibi zetu walikifanya Kiswahili hicho hicho kiwe cha kubembeleza watoto, cha kugombana na cha kutaniana. Hicho ndicho tulichorithi. Nakiita Kiswahili kilichojifunza kupumzika chenyewe, bila ruhusa ya mtu.

Kisiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo. Tangu hapo kila kitabu cha sarufi tunachofungua katika kitivo hiki kinatuambia, kwa adabu au bila adabu, kwamba lugha iliyo sawa inakaa kule, na kwamba yetu ni ile iliyopotea njiani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajifunza mapema kusema "watu" mbele ya mwalimu na "batu" mlangoni. Mimi pia ninaandika makala hii kwa sanifu, wala silalamiki. Sanifu ni nguo ya kutokea, na ninaipenda nguo yangu. Ila hakuna anayelala na nguo ya kutokea.

Sasa tuvuke mpaka Zanzibar. Mama yangu mdogo ni mfanyabiashara wa vitambaa. Dar es Salaam anaijua, hasa Kariakoo, ambako amekuwa akinunua mizigo kwa miaka mingi. Alipotimiza miaka 40 aliamua kwamba safari hii hatarudi na vitambaa tu. Alipanda boti, akavuka, akakodi chumba kwa siku tatu katika hoteli ya kitalii ya pwani ya mashariki, ambayo sitaitaja. Alifika mapokezi akasema kama anavyosema kila siku ya maisha yake: "Jambo, baba. Niko na chumba hapa, ya siku tatu."

Kijana wa mapokezi alimjibu kwa Kiingereza. Alirudia kwa Kiswahili. Kijana akatabasamu, akamsifu kwa Kiingereza kwamba anajua maneno mazuri ya Kiswahili, akamwuliza amejifunzia wapi.

"Ku mama," alijibu. Alijifunza kwa mama yake.

Kijana hakuelewa kwamba hilo ni jibu. Tangu hapo, kwa siku mbili, mama mdogo alitumia Kiingereza chake kidogo cha biashara, kile cha bei na mita, na palipokosekana neno alinyosha kidole. Alikula vizuri, alilala vizuri. Lakini anasema kwamba jioni ya siku ya pili alikuwa amechoka kuliko siku za sokoni, na hakujua kwa nini.

Nadhani ninajua kwa nini, na ndiyo sababu ninaandika.

Tuchambue lile neno moja alilolisema mlangoni. Sarufi ya sanifu inatuambia kwamba salamu ni "hujambo", na jibu lake "sijambo". Kiambishi hu- ni cha ukanushi wa nafsi ya pili: je, huna jambo, hakuna neno baya lililokupata? Si- ni cha nafsi ya kwanza: sina. Salamu hiyo ni swali na jibu lake. "Jambo" tupu, bila kiambishi, kisiwani linachukuliwa kuwa Kiswahili cha wageni: mtalii anafundishwa kwenye ndege, muuza vinyago anamwitia ufukweni. Mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms la Kenya, lililopiga muziki katika hoteli za pwani, lilitoa wimbo wa Jambo Bwana, na tangu hapo neno hilo limekuwa kama bango la hoteli. Wenyeji wenyewe wakikutana huulizana habari, hali, mambo, au mdogo humwamkia mkubwa shikamoo.

Lakini kwetu? Kwetu jambo si bango. Ni salamu ya kweli ya asubuhi. Tunasema jambo, tunajibu jambo sana. Padri anasimama mbele ya waumini na kusema jambo yenu. Kiambishi cha ukanushi kimeanguka, swali limegeuka kuwa nomino, na nomino hiyo sasa inaweza kupokea sana na yenu. Mwanafunzi yeyote wa isimu anaona hapo badiliko la kawaida kabisa la lugha, lenye mpangilio wake. Kwa hiyo mama mdogo alipofungua kinywa, alitoa neno ambalo kwake lilikuwa la nyumbani kuliko yote, na kijana akalisikia kama neno la mgeni kuliko yote. Wala hakuna aliyekosea. Ni neno moja lenye maisha mawili, na maisha hayo mawili yalikutana mapokezi bila mkalimani.

Neno la pili ni matata. Katika utalii wa pwani, "hakuna matata" imechapwa kwenye fulana na vikombe, na filamu ya Disney ya mwaka 1994 ikaieneza duniani kote. Mtu wa kisiwani katika mazungumzo ya kawaida atasema hakuna shida, au hakuna taabu. Fulana ile anamwachia mgeni. Kwetu, matata liko hai: jirani anapenda matata, nyumba fulani iko na matata, tumechoka na matata. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2016 waziri mkuu wa nchi yetu aliitwa Matata Ponyo, na hakuna aliyedhani kwamba jina hilo limetoka kwenye fulana.

La tatu ni aksanti. Wenzetu wa Afrika Mashariki hulicheka, wakidhani tumeliharibu asante. Lakini asili yake ya Kiarabu ni ahsanta, umefanya vema, yenye konsonanti katikati ambayo wanaoandika ahsante bado wanaikumbuka. Sisi tumeigeuza konsonanti hiyo kuwa k, lakini hatukuiangusha. Anayetucheka kwa aksanti anacheka kitu ambacho yeye amekipoteza.

Sitaki msomaji afikiri kwamba ninamshtaki kijana wa mapokezi. Yeye yuko kazini, nasi tulikuwa konje. Pengine ametoka bara, kama wafanyakazi wengi wa hoteli hizo. Pengine amezaliwa Makunduchi au Jambiani na lugha ya nyumbani kwao ni Kikae, lahaja ambayo mtu wa mjini Unguja mwenyewe anaweza asiifuate yote. Upande wa Kiwengwa vijana wengi wamejifunza Kiitaliano kwa ajili ya wageni. Kila asubuhi wanaacha lugha ya mama getini, kama mchimbaji anavyoacha nguo zake mlangoni mwa mgodi. Hoteli inauza utulivu, na imeona kwamba utulivu unauzwa kwa urahisi zaidi ikiwa mgeni hana haja ya kumwelewa mwenyeji. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hotelini mgeni amegeuzwa kuwa mteja, na mwenyeji amegeuzwa kuwa mhudumu. Sioni nani anapona hapo.

Mama mdogo alipona siku ya tatu. Pwani ya mashariki ya Unguja ina tabia ambayo picha za matangazo haziielezi: maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, bahari inaondoka kabisa. Mgeni anaamka na kuona mchanga na madimbwi mpaka karibu na mwamba, na wako wanaokwenda kulalamika mapokezi, kana kwamba hoteli imeficha maji. Wangejua Kiswahili wangelijua hilo kabla ya kufika, kwa kuwa pwani ni pale panapopwa. Jina lenyewe limeshatoa taarifa. Na maji yanapoondoka, wanawake wa vijijini wanaingia. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kimefanyika huko, Paje na Jambiani zikiwa za kwanza. Wanaolima wengi ni wanawake, wanaofunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti mchangani.

Mama mdogo alivua ndala, akatoka, akawafuata. Alisema jambo. Waliangua kicheko. Mmoja akamwuliza: "Wewe dada, Kiswahili chako hiki cha wapi?" Alisema cha Kongo, cha Lubumbashi. Wakacheka tena, wakamwuliza kama na Kongo watu wanasema Kiswahili, na yeye akawauliza kilo ya mwani inauzwa bei gani, kwa kuwa mfanyabiashara haachi biashara hata siku ya kuzaliwa. Bei waliyomtajia ilimkasirisha kuliko wao. Walizungumza mpaka maji yakaanza kujaa. Anasema hakumbuki siku nyingine aliyocheka namna ile tangu bibi alipofariki.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo ningependa wenzangu wa kitivo walifikirie. Tunasema tunaficha Kiswahili chetu kwa kuogopa kuchekwa. Lakini mama mdogo alichekwa na wanawake wa mwani, tena kwa sauti, na akapumzika. Mapokezi hakuna aliyemcheka. Alitabasamiwa, akasifiwa, akachoka. Kwa hiyo si kicheko kinachoumiza. Kinachoumiza ni kujibiwa kwa lugha nyingine. Anayekucheka kisha akaendelea kukuuliza amekukubali kuwa msemaji mwenzake. Anayekuhamishia Kiingereza kwa heshima amefunga mlango taratibu, bila kelele. Ile starehe ya adabu niliyoitaja mwanzoni, ile ya "kaa ulivyo," haiwezi kutolewa kupitia mlango uliofungwa. Wanawake wale hawakumwambia neno hilo, lakini ndilo walilomfanyia: walimwacha akae alivyo, na batu zake na aksanti zake.

Najua mwalimu mmoja au wawili watanijibu. Watasema: kama kila mtu atasema Kiswahili cha kwao, tutaelewanaje, na sanifu tunaifundisha ya nini? Jibu langu ni kwamba sanifu ina kazi, na kazi hiyo ni kubwa. Tangu nchi yetu ikubaliwe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kazi hiyo imeongezeka: mikataba, forodha, tafsiri, ualimu. Anayetaka ajira huko ajifunze sanifu mpaka aiote usiku. Lakini ninazungumza juu ya mapumziko, na mapumziko kwa maana yake ni saa ambazo kazi imesimama. Lugha ambayo inaweza kutumika kazini tu, na inamwaibisha msemaji anapotaka kupumzika, ni sare. Tena wanawake wa mwani walielewana na mama mdogo bila kamati yoyote, kwa sababu pande zote mbili zilitaka kuelewana.

Wengine watasema kwamba makala hii ni ya matajiri. Mwanafunzi wa kitivo hiki anatafuta nauli ya basi, si ya boti. Ni kweli. Lakini jaribu hili, halihitaji dola. Ingia katika hoteli yoyote nzuri ya mji wetu, si ya Zanzibar, ya hapa hapa Lubumbashi, na useme jambo mapokezi. Mara nyingi utajibiwa bonjour, na anayekujibu amekula bukari asubuhi na ataongea Kiswahili na mwenzake mara utakapogeuka mgongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba yetu, na bado getini mwa mahali pazuri kinavuliwa kama viatu vyenye matope. Kama sisi wenyewe tunawafanyia hivyo wageni wetu wa Kalemie na Kolwezi, tutamlaumu vipi kijana wa kisiwani?

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, darasani tuache kusahihisha "jambo" kwa wino mwekundu kana kwamba ni kosa la hesabu. Mwanafunzi aelezwe kwamba kisiwani salamu hiyo ina maisha fulani, kwetu ina maisha mengine, na njia iliyotenganisha maisha hayo inaweza kuchorwa ubaoni. Hilo ni somo zuri zaidi kuliko alama ya mkasi.

La pili, tuandike. Makala za mwisho wa masomo juu ya Kiswahili cha Lubumbashi zinapenda sana mgodi, soko na siasa. Ni vizuri. Ila nani ameorodhesha maneno ya kupumzika ya mji huu? Tunasema nini tunapokaa uani jioni bila kazi? Tunamkaribishaje mgeni, tunamwambia nini asiondoke haraka, tunamtaniaje aliyelala mchana? Lugha iliyokusanywa ikiwa kazini tu itaonekana daima kama lugha ya kazi. Mada hiyo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuichukua. Mimi nimeshaanza na daftari moja.

La tatu linawahusu wale ambao siku moja watafungua nyumba za wageni. Nchi yetu ina ufukwe mdogo wa bahari ya Atlantiki, kule Muanda, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Lakini Kiswahili chetu kina maji yake: Kalemie na Moba ziko kwenye ziwa Tanganyika, zina mchanga, zina upepo, zina samaki. Siku pale patakapokuwa na vitanda vizuri na barabara ya kufikia, mapokezi pafunguliwe kwa jambo, na Mnyamwezi, Mrundi au Mzanzibari atakayekuja kutimiza miaka yake hapo ajibiwe kwa Kiswahili chochote atakachokuja nacho. Akichekwa kidogo, achekwe na aendelee kuulizwa habari za safari.

Mitihani inaisha hivi karibuni, na vakanse inakuja. Wengi wetu tutapumuzika nyumbani, wachache watapata shangazi au kaka wa kuwalipia safari. Ukiwa kati ya wachache hao, nenda bila kuona haya. Ufike mapokezi, uweke mizigo chini, usalimie jambo. Ukijibiwa kwa lugha nyingine, salimia tena. Na ukijibiwa tena kwa lugha hiyo, subiri maji yapwe, kisha utoke nje.